Jeraha la Kwanza Likishatokea: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Kisasi Mtaani

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa vikundi vya amani vya mitaa unafanana mno. Tuliitisha mkutano, mwenyekiti akafungua, shekhe na mchungaji wakaomba dua, vijana wakaahidi. Wiki mbili baadaye kijana akachomwa kisu kwenye kigodoro, ngoma ya mtaani ya kukesha, na usiku wa pili yake ndugu zake wakalipiza. Kikundi kilikuwa bado kinapanga tarehe ya mkutano mwingine.

Mwongozo huu unashughulikia pengo hilo moja tu: muda uliopo kati ya jeraha la kwanza na la pili.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Tanga, na mafunzo yangu ya mwanzo yalikuwa ya kipindupindu. Kwenye kipindupindu humuulizi mgonjwa kosa lake. Unamtibu, unakwenda kwake siku ileile, unauliza nani kala naye, nani kachota maji palepale, na unawafikia hao kabla hawajaugua. Gary Slutkin, daktari Mmarekani aliyepambana na kipindupindu na kifua kikuu kwenye kambi za wakimbizi Somalia, alirudi kwao akaona mauaji ya bunduki ya Chicago yanakwenda mwendo uleule. Aliyejeruhiwa, au aliyemwona ndugu yake akijeruhiwa, ndiye aliye karibu zaidi kujeruhi. Mwaka 2000 mpango wake ukaanza mtaa wa West Garfield Park, ukiwatumia watu wa mtaa wenyewe kuingia kati kabla ya risasi ya kulipiza.

Kwetu bunduki si nyingi mikononi mwa vijana kama huko. Tunachokutana nacho ni panga, kisu, nondo na chupa, na huku mashambani gobore. Silaha zinatofautiana, ila kisasi kinapita njia moja.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kabla hujavipata vyote.

- Watu sita hadi wanane. Namna ya kuwachagua iko hatua ya 2.
- Daftari moja la kaunta, karatasi ya manila na kalamu za rangi mbili.
- Simu mbili zenye salio muda wote, moja ikae kwa mwanamke. Namba zake zijulikane na kijiwe cha bodaboda, zahanati, muuza kahawa na mabalozi wa nyumba kumi.
- Akiba ya nauli ya bajaji, kwenda na kurudi hospitali ya Bombo usiku. Kikundi kisicho na nauli ya usiku hakifiki, na kazi hii ni ya usiku.
- Vitambaa safi vya pamba (khanga kuukuu zilizofuliwa zinafaa sana), glovu na sabuni.
- Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa, yenye muhuri.
- Baraza au chumba kisicho cha upande wowote, watu wakae bila kuonekana kutoka barabarani.

Fulana na bango havimo humu kwa makusudi. Fulana inakutangaza kabla hujasema neno, na mwenye hasira huondoka anapokuona unakuja.

## Hatua ya 1: Chora ramani kabla ya kuitisha mkutano

Jonathan Shepherd, daktari wa upasuaji wa uso na mataya huko Cardiff, aligundua kwamba wengi waliokuwa wanashonwa hospitalini baada ya kupigwa hawakuwamo kabisa kwenye kumbukumbu za polisi. Hospitali ikaanza kuandika mambo matatu bila majina: mahali, saa na silaha. Kwa taarifa hizo mji ukajua pa kuelekeza nguvu.

Fanya hivyohivyo kwa wiki nne. Zungukia anayeuza duka la dawa, muuguzi wa zahanati, madereva wa bajaji, mama ntilie na muuza kahawa. Waulize: wiki hii nani kaja na jeraha la kupigwa? Andika mahali, saa, kilichotumika, na walichokuwa wanagombea.

Usiandike majina. Daftari litapotea siku moja, au litaombwa na mtu asiyestahili. Likiwa na majina, kazi yako mtaani imekwisha, na huenda ukasababisha jeraha wewe mwenyewe.

Kisha weka nukta nyekundu kwenye manila. Wakazi wa Ngamiani wana wepesi wao hapa, maana barabara zetu zina namba na nukta haipotei. Sisi tulidhani nukta zitajaa kwenye vilabu vya pombe. Zilijaa mahali pengine kabisa: kona wanapoegesha bodaboda alfajiri, muziki wa kigodoro unapozimwa na watu mia wanataka kupanda pikipiki kumi. Ugomvi ulikuwa wa abiria na wa chenji. Tungechora ramani mwaka mmoja mapema, tusingepoteza muda wote ule kuhubiri kwenye vilabu.

Umefaulu ukiona nukta zimekusanyika sehemu tatu au nne na kwenye saa zinazojirudia. Zikitawanyika mtaa mzima kama mvua, umekusanya umbea badala ya majeraha. Rudi kwa muuguzi na muuza dawa.

## Hatua ya 2: Tafuta wanaosikilizwa na mwenye hasira

Hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea. Mnachagua watu wa heshima: mwalimu mstaafu, mjumbe, imamu. Ni watu wema na mtawahitaji siku ya tatu. Lakini saa tano usiku, kijana akiwa na panga chini ya jaketi, hamfungulii mwalimu mstaafu mlango.

Jiulize: nani akimpigia simu kijana huyu, atapokea? Mara nyingi ni mtu aliyewahi kupita njia ileile, aliyetoka jela akatulia, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, kocha wa mchangani, au nahodha anayewachukua vijana baharini. Msimsahau mwanamke. Somo au kungwi aliyewafunda unyagoni nusu ya mabinti wa mtaa anaingia chumbani kwa mama wa majeruhi na kusema asilosema mwanamume yeyote.

Masharti yangu kwa anayeingia kikundini ni haya. Asiwe na kesi au ugomvi unaoendelea. Asiuze wala kutumia dawa za kulevya sasa. Akubali kutobeba silaha yoyote, hata fimbo, na aweze kutunza siri. Mpime kwa jambo dogo kwanza: mweleze habari isiyo na madhara, usikilize kama itakurudia kwa mdomo mwingine.

## Hatua ya 3: Weka mpaka na polisi na serikali ya mtaa

Kosa kubwa la maisha yangu ya kazi lilikuwa hapa. Kikundi chetu cha kwanza kilikubali kupanda gari moja na askari kwenda kuonyesha nyumba ya kijana aliyetajwa kwenye ugomvi. Tuliona tunasaidia. Kesho yake nikipita maskani, watu walinyamaza. Walinyamaza miezi minane.

Nenda kwa mkuu wa kituo au polisi kata ukiwa na mwenyekiti wa mtaa, mkubaliane kabla ya tukio lolote. Ninyi kazi yenu ni kupoza. Hamkamati, hampekui, hamtoi ushahidi wa mliyoambiwa mkiwa mnatuliza. Wao wanawajua kwa sura, ili askari akikukuta saa saba usiku kwenye kundi la vijana asikuchukue nawe.

Kuna mambo ambayo kikundi hakiyapatanishi hata wakiombwa na ukoo mzima: mauaji, ubakaji, ukatili kwa mtoto. Hayo yanakwenda kituoni, Dawati la Jinsia na Watoto, au namba 116 kwa mtoto. Mkiona mtu anakwenda kuua sasa hivi na mmeshindwa kumzuia, pigeni 112 bila kungoja kikao. Waelezeni vijana mpaka huu tangu siku ya kwanza, wazi kabisa, ili atakayewaambia jambo ajue litaishia wapi.

Mpaka umeshika siku utakapoona askari anakusalimu barabarani na vijana bado wanakaa nawe barazani.

## Hatua ya 4: Siku tatu

Kwetu matanga ni siku tatu, na hata asipokufa mtu, hasira inafuata kalenda hiyohiyo. Hapa msibane muda wala nauli.

### Saa ya kwanza: damu

Majeruhi akifa, kazi ya kuzuia kisasi inakuwa ngumu mara kumi. Kwa hiyo huduma ya kwanza ni sehemu ya kazi ya amani.

Mlaze chini. Bana jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, kwa viganja viwili, usiachie kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake bila kuondoa cha kwanza. Kisu kikiwa bado kimekita, usikichomoe, bana pembeni mwake. Damu ya mkono au mguu ikigoma kusimama, funga kitambaa kipana kati ya jeraha na kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe, kaza kwa kijiti mpaka ikome, na andika saa uliyofunga. Mfunike asipate baridi. Usimpe maji, usimwagie mafuta ya taa.

Mpeleke kwa bajaji, amelala. Kumbana katikati ya watu wawili kwenye bodaboda kunafungua jeraha upya. Mmoja wenu aende kituoni kufuata PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, wakati huohuo majeruhi anapokelewa. Aliye mahututi hutibiwa kwanza, karatasi ifuate.

### Usiku wa kwanza: korido na maskani

Gawanyikeni. Wawili hospitalini, wawili kwa marafiki wa majeruhi, wawili kwa upande uliojeruhi. Upande huo wa pili ndio vikundi vinausahau. Nao wana hofu, na mwenye hofu hushambulia kwanza.

Hospitalini mtafute ndugu wa kiume asiyekaa. Nawapa tukio moja nililoliona kwa macho yangu, maana linafundisha kuliko maelezo. Ilikuwa Machi, joto la Tanga mnalijua, feni ya korido inazungusha upepo wa moto. Mdogo wa majeruhi alikuja amevaa jaketi zito, zipu mpaka shingoni, na mkono wa kulia haukunjuki vizuri. Mama yao alikuwa sakafuni na khanga yenye damu mapajani. Mwenzangu, nahodha wa mashua, hakumwambia "tulia". Alikaa karibu naye kimya, kisha akasema, "Mwanangu, kaka yako ameongezewa damu, wanataka ya kurudisha. Wewe ndiye wa kwanza kuulizwa."

Kutoa damu lazima ukunjue mkono. Yule kijana alisimama kidogo, akageukia ukutani, akavua jaketi, akalikunja na kilichokuwamo ndani yake, akalisukuma chini ya benchi kwa mguu. Nahodha hakuliangalia. Kijana alipotoka kutoa damu alikuwa na pamba mkononi na chupa ya soda, akakaa sakafuni kando ya mama yake, akalia.

Mpe kazi. Ndiyo siri ya usiku wa kwanza. Damu, dawa ya kununua, shuka la kuleta, shangazi wa Muheza wa kupigiwa simu. Ndugu anayeambiwa "usifanye kitu" anabaki na kitu kimoja tu kichwani.

Maneno yanayofaa: "Niko nawe mpaka asubuhi." "Mama ana nani zaidi yako leo?" "Tusubiri daktari aseme." Yasiyofaa: "msamehe", "ni mipango ya Mungu", "na yeye alizidi". Msamaha una siku yake. Ukiutaja usiku wa kwanza, unaonekana umetumwa na upande wa pili.

Usiulize nani mwenye haki. Ukiamua usiku ule, umeshakuwa wa upande mmoja.

### Siku ya pili: habari

Hapa anayeua ni uvumi. Majeruhi amelala wodini anakunywa uji, lakini kwenye makundi ya WhatsApp ameshakufa. Simu moja ya kikundi ikae na ndugu aliye hospitalini, itume hali halisi kila baada ya saa chache, kwa sauti yake yeye mwenyewe. Ombeni video za tukio zisisambazwe, na anayezo azifute mbele yenu. Shinda pale maskani. Kahawa na kashata ni gharama halali ya kikundi, usione aibu kuiandika.

### Kukiwa na msiba

Hatari iko kwenye kurudi makaburini, vijana wakiwa wengi, wamelia, na wanatembea pamoja. Kaeni na wazee mapema mpange njia ya jeneza isipite mbele ya nyumba ya upande wa pili, na kurudi kuwe kwa magari au kwa makundi madogo. Waliojeruhi wasije msibani, hata kwa nia njema. Rambirambi zao zipitie kwa mzee siku ya tatu, baada ya kuuliza kama zitapokewa.

Kama marehemu ana watani, waombeni wawe karibu. Mtani anaruhusiwa kumzuia mtoto wa marehemu mlangoni, kumnyang'anya kiatu, kumwambia neno ambalo mjomba wake angelisema wangepigana. Vijana wengi wanahitaji mtu wa kuwazuia hadharani ili warudi nyuma bila fedheha, na mila yetu imeshamweka mtu huyo.

Siku ya tatu ndipo imamu, padri na wazee wanapoingia kwa nguvu. Ombeni jambo dogo, lenye muda: "Mpaka arobaini, hakuna mkono utakaoinuliwa." Ahadi ya milele inavunjika. Ya siku 40 inashikika, na ikikaribia kwisha mnarudi kuomba nyingine.

Utajua umefaulu pale aliyekuwa na jaketi anapoanza kuzungumzia kesi, au pesa ya matibabu, au kitu chochote cha wiki ijayo.

## Hatua ya 5: Silaha zenyewe

Kikundi hakishiki silaha ya moto. Usiipokee, usiihifadhi, usiibebe hata hatua moja. Chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, kukutwa nayo bila kibali ni kosa zito, na nia yako njema haitaonekana.

Silaha tunayoikuta zaidi ni ile iliyosahaulika. Mzee alikuwa na bunduki ya kibali au gobore la kulinda shamba dhidi ya nguruwe na ngedere, akafariki, na sasa iko juu ya dari au nyuma ya kabati. Watoto wanaijua. Kibali ni cha mtu na hakirithiwi kama shamba; silaha ya marehemu hurudishwa polisi. Kaeni na mjane, mweleweshe, kisha mwenyekiti wa mtaa aongee na kituo ili askari waje kuichukua kwa utaratibu, mchana, bila kelele.

Kwa silaha isiyo na kibali, fuatilieni matangazo ya msamaha. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kwa ajili ya kusalimisha silaha haramu kwa hiari, na Tanzania imekuwa ikitangaza vipindi vya namna hiyo. Familia ikipatwa na hofu, kiongozi wa dini au mwenyekiti asimame kati yao na kituo.

Mwenye bunduki ya kibali ambaye yuko kwenye talaka, msiba au ulevi, mwombeni aende kuikabidhi kituoni kwa muda, ihifadhiwe. Akikataa, basi ifungiwe bila risasi, na risasi zikae pengine na ufunguo mwingine. Jambo hili linaokoa pia mtu anayetaka kujidhuru mwenyewe, maana wazo hilo mara nyingi hupita ikiwa kifaa kiko mbali.

Panga na kisu huwezi kuviondoa mtaani, ni vyombo vya kazi. Ila kwenye kigodoro na baikoko mnaweza kukubaliana na mwenye shughuli: hakuna chupa za kioo, na nondo za turubai zinazobaki zifungiwe ndani.

## Hatua ya 6: Miezi mitatu baada ya joto kupoa

Orodhesheni kichwani, si kwenye daftari, vijana watano ambao tukio lijalo litawahusu. Watano tu. Kila mmoja awe na mtu wake kikundini wa kumwona kila wiki.

Waulize wanachokosa, kisha mfuatane nao kukitafuta. Kijana akitaka fundi umeme, nenda naye VETA siku ya kuchukua fomu, usimwelekeze tu. Kwa mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango wa kusajili kikundi. Andaeni katiba na akaunti kabla ya kwenda, vinginevyo mtarudishwa mara tatu na kijana atakata tamaa mara ya pili.

## Mkisikia "Mwizi!"

Kundi linalompiga mtu halina muda wa hoja. Usiingie peke yako, na usiseme "si mwizi". Ingieni watatu kwa sauti ya amri na kazi: "Mwacheni akae chini! Nani ana namba ya mwenyekiti? Wewe mwenye shati jekundu, zuia bajaji!" Anayeitwa mmojammoja anaacha kuwa kundi. Kiongozi wa bodaboda akisema, anasikilizwa mara mbili. Tairi au petroli vikitajwa, pigeni 112 hapohapo.

## Hatua ya 7: Kupima, na kupumzika

Usihesabu mikutano wala waliohudhuria. Kila mwezi hesabu matatu: matukio mliyofika siku ileile, matukio yaliyofuatwa na kisasi, na nukta mpya kwenye manila. Glasgow, ambako polisi walianzisha kitengo cha kupunguza ukatili mwaka 2005 wakiuona kama ugonjwa, kazi ilihesabiwa kwa miaka. Kwa hiyo mwezi mmoja mbaya usiwavunje.

Aliyekesha hospitalini asipangwe usiku unaofuata. Baada ya kila tukio kaeni wawili wawili, kila mmoja aseme alichokiona mpaka amalize, mwenzake asimkatize. Nahodha wetu alifanya kazi hii mwaka mzima bila kusema, akaanza kuogopa milio ya simu. Sasa simu ya usiku inazunguka kwa zamu ya siku saba, na anayeikabidhi Jumapili asubuhi anaikabidhi na chaji yake, salio lake, na jina la mtu mmoja ambaye bado hajatulia.